Je, wajua kwa nini hakimu wa Uingereza alikuwa anasomea watu karatasi kabla askari hawajapiga risasi?

Haya, fikiria wewe ndo meya, Uingereza, karne ya 18. Polisi kama tunaowajua leo hawapo kabisa, hata wa London walianza 1829. Mtaani kuna kundi lina marungu na mawe linabomoa nyumba ya mtu, nyuma yako wanajeshi na bunduki zao wanasubiri neno lako tu. Ukisema pigeni na mtu akafa, unaweza ukajikuta kizimbani kwa kesi ya mauaji. Ukinyamaza mji ukaungua, unashtakiwa kwa uzembe. Sasa hapo unafanyaje?

Bunge lao likaja na jibu, sheria inaitwa Riot Act, yaani Sheria ya Fujo, ikaanza kutumika tarehe 1 Agosti 1715. Ilikuwa hivi: watu 12 au zaidi wakikusanyika kwa fujo, hakimu au meya anawasogelea karibu kadiri anavyoweza bila kuuawa, anasoma kwa sauti kubwa tangazo fupi ambalo maneno yake yameandikwa humohumo kwenye sheria, kwamba mfalme anawaamuru mtawanyike mara moja, mwende kwa amani majumbani kwenu au kwenye shughuli zenu halali, anamalizia na Mungu Mlinde Mfalme. Kuanzia hapo saa inahesabiwa. Ikipita saa moja na bado mko 12 pale, ni kosa la kunyongwa, na anayewatawanya akimuua au kumjeruhi mtu anayekataa kuondoka, hashtakiwi. Hiyo ndo kinga yenyewe.

Lakini kinga ilikuwa imefungwa kwenye karatasi ile. Kuna kesi ya 1830 washtakiwa walichomoka kwa sababu msomaji aliruka Mungu Mlinde Mfalme. Maneno machache tu jamani! Na hebu pata picha, mzee wa watu anasoma huku mawe yanapita juu ya kichwa, walioko nyuma hata hawasikii kitu.

Na kusoma hakukumaanisha umeshapona. Mwaka 1768 pale St George's Fields, London, umati ulikuja kumuunga mkono mwanasiasa John Wilkes aliyekuwa gerezani, hakimu Samuel Gillam akasoma tangazo, baadaye askari wakafyatua na watu kadhaa wakafa. Gillam akapelekwa mahakamani kwa mauaji. Aliachiwa, ila wenzake wote walishaona.

Kwa hiyo 1780 zilipolipuka zile Ghasia za Gordon, yaani fujo kubwa za kupinga Wakatoliki jijini London, mahakimu wengi wakaufyata. London iliungua siku kadhaa, gereza la Newgate likachomwa, na meya Brackley Kennett akaja kutiwa hatiani kwa sababu hakusoma tangazo! Ghasia za mji wa Bristol 1831 ndo mbaya zaidi kwa maoni yangu, meya Charles Pinney alishtakiwa kwa kuzembea akaachiwa, ila kanali Brereton aliyekuwa na wanajeshi pale alifikishwa mahakama ya kijeshi kwa kuwa mpole mno, akajipiga risasi Januari 1832 kesi ikiwa haijaisha.

Kichekesho ni kwamba wengi waliielewa vibaya hiyo sheria. Walidhani bila kusoma na kusubiri saa nzima huruhusiwi kugusa mtu, kumbe sheria ya kawaida tangu zamani ilimruhusu yeyote kuzuia vurugu hapohapo kwa nguvu inayohitajika. Tangazo liliongeza kinga tu, halikuondoa ruhusa iliyokuwepo.

Wenyewe Waingereza waliifuta 1967. Ila mzungu alikuwa ameshaibeba huku. Fungua Kanuni ya Adhabu ya Tanzania au ya Kenya utaikuta ile namba 12 imekaa vilevile, tangazo lipo, na kinga ya kutoshtakiwa kwa jinai wala madai ipo. Saa moja ndo imetolewa, wameweka muda wa kutosha, na muda huo unaanza kupimwa na yuleyule ofisa aliyesimama pale. Na kinga yenyewe inafunika nguvu iliyokuwa ya lazima kushinda ukaidi wa watu, sio kila risasi iliyotoka siku hiyo.