Shahada ya Uchumi na Fedha: Ufafanuzi kwa Waombaji na Wazazi wa Mtwara na Lindi

Tangu matokeo ya kidato cha sita yatangazwe na dirisha la udahili lifunguliwe, meza yetu ya udahili mjini Mtwara imekuwa ikipokea malalamiko yanayofanana kiasi kwamba idara imeona ni busara kuyajibu kwa maandishi. Malalamiko ya kwanza ni ya wanafunzi waliomaliza mwaka wa kwanza wa Uchumi na Fedha wakidai kwamba hawakuwahi kuambiwa kuwa kuna hisabati. Ya pili ni ya wazazi wanaouliza kwa nini kijana wao, baada ya kusoma miaka mitatu, hatambuliwi kuwa mhasibu. Ya tatu, ambayo ndiyo yanayotuchukulia muda mwingi zaidi, ni ya waombaji waliopata nafasi kisha wakaipoteza kwa sababu ya ujumbe wa simu ambao haukufanyiwa kazi.

Naanza na hisabati, kwa kuwa hapo ndipo penye upotoshaji mkubwa. Imezoeleka kusemwa mitaani, na hata na baadhi ya walimu wetu wa sekondari, kwamba aliyeshindwa masomo ya sayansi "akimbilie uchumi". Ushauri huo hauna msingi wowote. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hukutana na kalkulasi, matriksi na takwimu kabla hajazoea chumba chake cha hosteli. Mwaka wa pili hukutana na ekonometriki, yaani upimaji wa mahusiano ya kiuchumi kwa kutumia takwimu halisi. Na masomo ya upande wa fedha, kuanzia upangaji wa bei za hatifungani (hati za mkopo ambao serikali au kampuni huchukua kwa wawekezaji) hadi upimaji wa vihatarishi, hayasomeki kabisa bila msingi huo. Mwenye mchepuo wa EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati) hujikuta yuko nyumbani. Mwenye ECA (Uchumi, Biashara na Uhasibu) au HGE (Historia, Jiografia na Uchumi) anaweza kufanya vizuri, na wengi wamefanya vizuri, lakini inambidi akubali mapema kwamba muhula wa kwanza utakuwa wa kupanda mlima. Ndiyo maana vyuo vingi humtaka mwombaji ambaye hakusoma hisabati kidato cha sita awe walau na ufaulu wa somo hilo katika kidato cha nne. Sharti hilo halikuwekwa kwa ajili ya kumkomoa mtu.

Ili nieleweke, nitoe mfano tunaoutumia darasani, ambao kila mtu wa Newala, Tandahimba au Ruangwa ataufahamu. Mkulima wa korosho amebanwa mwezi Aprili, ada ya mtoto inadaiwa na chakula ghalani kimepungua. Anatokea mtu wa kangomba, yaani mnunuzi wa korosho nje ya mfumo rasmi, na kumpa shilingi 120,000 taslimu, kwa makubaliano kwamba mwezi Oktoba atachukua gunia la kilo 100. Tuchukulie, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba korosho hiyo ingeuzwa mnadani kupitia AMCOS (chama cha msingi cha ushirika), mkulima angebakiwa na shilingi 2,500 kwa kilo baada ya makato, yaani shilingi 250,000 kwa gunia. Mkulima mwenyewe husema ameuza mapema. Mwanafunzi wetu anatakiwa aone kwamba hapo hakuna mauzo, kuna mkopo: amekopa 120,000 na atalipa 250,000 baada ya miezi sita, ambayo ni riba ya takriban asilimia 108 kwa kipindi hicho, au karibu asilimia 13 kwa kila mwezi ikihesabiwa kwa riba juu ya riba. Ukiipeleka hesabu hiyo hadi mwaka mzima unapata zaidi ya asilimia 330.

Hesabu hiyo ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kueleza kwa nini mtu mwenye akili timamu anakubali mkopo wa namna hiyo, na hapo ndipo uchumi na fedha vinapokutana. Mkulima hana hati ya shamba ya kuweka dhamana benki. Tawi la benki liko mbali na nauli ni gharama. Ugonjwa wa ubwiri unga unaweza kuingia shambani na kupunguza mavuno. Na bei ya mnadani haijulikani mwezi Aprili. Mtu wa kangomba naye anabeba hatari ya kutolipwa na hatari ya bei kushuka, ingawa anajilipa kupita kiasi kwa kuibeba. Ununuzi huo umepigwa marufuku, na idara haiutetei hata kidogo. Lakini mwanafunzi anayejibu kwenye mtihani kwamba "wakulima hawana elimu" hupata alama chache sana, kwa sababu hajajibu swali. Mfumo wa stakabadhi ghalani, ambapo mkulima huweka mazao ghalani, hupewa stakabadhi, na mazao huuzwa kwa mnada, uliowekewa sheria mwaka 2005 na kuanza kutumika kwenye korosho Mtwara katika msimu wa 2007/2008, ulilenga sehemu moja ya tatizo hilo, yaani bei na mnada. Swali la fedha ya mwezi Aprili bado liko wazi, na kwa maoni yangu linastahili tasnifu nyingi zaidi kuliko tunazozipokea kuhusu soko la hisa la New York.

Wapo wanaouliza kama somo hili lina uhusiano na Kusini. Wazee wa Nachingwea wangeweza kuwajibu vizuri kuliko mimi. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga huko Kongwa, Urambo na Nachingwea, ikajenga reli na bandari ya kina kirefu hapa Mtwara kwa kutegemea mizigo ya karanga, kisha mwaka 1951 ikauacha mradi baada ya kutumia takriban pauni milioni 36. Mvua hazikupimwa ipasavyo, udongo haukuchunguzwa vya kutosha, mashine hazikufaa vichaka vilivyokuwepo. Reli iling'olewa miaka ya mwanzo ya uhuru. Bandari imebaki na leo inasafirisha korosho. Somo la tathmini ya miradi, ambalo wanafunzi hulalamika kuwa ni kavu, linahusu makosa ya aina hiyo hasa, na ukanda wenye gesi ya Mnazi Bay, kiwanda cha saruji na mipango ya gesi asilia ya kimiminika huko Lindi una kila sababu ya kuwa na vijana wanaoweza kuyaona kabla fedha haijatumika.

Kuhusu uhasibu, nitakuwa mfupi. Shahada hii haimfanyi mtu kuwa mhasibu. Uhasibu wenye kutambuliwa kitaaluma nchini husimamiwa na Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1972, na anayetaka CPA, yaani cheti cha kitaaluma cha uhasibu, hufanya mitihani ya Bodi hiyo bila kujali jina la shahada yake. Aliyesoma Uchumi na Fedha anajua kuisoma mizania, yaani taarifa ya mali na madeni, na kuihoji. Kazi ya kuiandaa ina watu wake. Wahitimu wetu huenda kwenye ofisi za mipango za halmashauri kama wachumi, kwenye mabenki upande wa mikopo na vihatarishi, kwenye vyama vikuu vya ushirika, kwenye bima, na wachache Benki Kuu, ambayo ina tawi hapa hapa Mtwara. Idara haimwahidi mtu ajira. Na kwa wale wanaodhani kwamba "fedha" maana yake ni kukaa dirishani na kuhesabu noti, naomba wafuatilie jambo moja tu: Januari 2024 Benki Kuu ilianza kuendesha sera ya fedha kwa kutumia riba yake, ikaanza na asilimia 5.5. Mhitimu anatakiwa aweze kumweleza mfanyabiashara wa Masasi kwa nini riba hiyo ikipanda au ikishuka, mkopo wake hauna riba ya asilimia 5.5.

Sasa nieleze utaratibu, na naomba usomwe wote.

Sifa ya chini kabisa iliyowekwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania kwa mwombaji wa kidato cha sita ni ufaulu wa ngazi ya principal (alama A hadi E) katika masomo mawili yanayotambuliwa na programu husika, kwa jumla ya pointi zisizopungua 4.0, ambapo A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Kwa hiyo D mbili zinatosha, na C pamoja na E zinatosha. E mbili hazitoshi. C pamoja na S haitoshi pia, kwa kuwa S, yenye pointi 0.5, si principal, na mzazi anayetuletea hoja kwamba 3 ukijumlisha na 0.5 "inakaribia nne" huwa tunamsikiliza kwa heshima zote lakini jibu halibadiliki. Waliomaliza mwaka 2014 na 2015 walitumia mpangilio tofauti wa alama, hivyo wasome kipengele chao katika mwongozo wa Tume. Mwenye stashahada anatakiwa awe na GPA (wastani wa alama zake) isiyopungua 3.0 na ufaulu wa masomo yasiyopungua manne ya kidato cha nne, na kabla ya kuomba apate namba ya uhakiki wa tuzo kutoka NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya ufundi na mafunzo ya ufundi stadi. Mwenye cheti cha nje ya nchi apate kwanza ulinganifu kutoka Baraza la Mitihani. Ieleweke kwamba sifa ya chini humpa mtu haki ya kuomba. Kupata nafasi hutegemea pia masharti ya programu na ushindani wa mwaka huo.

Mwombaji aliyedahiliwa katika chuo zaidi ya kimoja anatakiwa kuthibitisha chuo kimoja tu, kwa kutumia namba maalumu ya siri inayotumwa kwa ujumbe mfupi au barua pepe aliyoitumia wakati wa kuomba. Namba hiyo huingizwa kwenye mfumo wa chuo alichokichagua, ndani ya muda uliotangazwa. Ikiwa haikufika, aingie kwenye mfumo wa chuo hicho na kuomba itumwe tena. Tatizo tunalolikuta kila mwaka ni kwamba fomu ilijazwa stendi au kwenye kibanda cha huduma za intaneti, namba ya simu iliyowekwa ni ya mwenye kibanda, na ujumbe umeenda kwake. Wiki iliyopita alikuja mama mmoja kutoka Tandahimba na bahasha ya khaki yenye kila cheti cha mwanawe, vimepangwa vizuri kuliko vya ofisi nyingi ninazozijua, lakini hakuna aliyekumbuka simu ya nani iliandikwa kwenye fomu. Chuo hakina uwezo wa kumthibitishia mwombaji. Nasema tena: hakina uwezo huo, hata kama mwombaji ni mtoto wa ndugu yetu.

Majina yafanane. Cheti cha kuzaliwa kikisema Hamisi na cheti cha kidato cha nne kikisema Hamis, herufi moja hiyo huweza kumchelewesha kijana kwa wiki kadhaa. Jambo hilo lishughulikiwe sasa, lisisubiri siku ya usajili. Namba ya mtihani wa kidato cha nne inayotumika kuomba chuo iwe ile ile inayotumika kuomba mkopo, hata kwa aliyerudia mtihani na mwenye namba mbili. Vyeti vya kuzaliwa, na vya kifo kwa aliyefiwa na mzazi, vihakikiwe na RITA (Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini) kabla ya kujaza fomu ya Bodi ya Mikopo. Mkopo ni deni, na mnufaika akiajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake kila mwezi hadi limalizike. Ada ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, ambayo wengi bado wanaiogopa, ilifutwa mwaka 2021.

Kughushi cheti au kuwasilisha cheti cha mtu mwingine ni kosa la jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, na kughushi peke yake kunaweza kumfikisha mtu kwenye kifungo cha hadi miaka saba. Kwa upande wa chuo, usajili hufutwa wakati wowote kosa likigundulika, ukiwemo mwaka wa tatu, na aliyekwishahitimu huweza kunyang'anywa shahada.

Akishasajiliwa, mwanafunzi anasoma krediti zisizopungua 120 kwa mwaka, na kila krediti ni saa 10 za kazi, yaani saa 1,200 kwa mwaka zikijumlisha mihadhara, majaribio na kujisomea. Alama ya kufaulu ni C, inayoanzia 40. Anayerudia mtihani wa somo aliloshindwa hupewa C hata akipata 85, na C hiyo huingia kwenye GPA yake, ambayo inapaswa kufikia 3.5 ili apate daraja la pili la juu. Hili huwaumiza zaidi walioshindwa hisabati ya muhula wa kwanza, ambao ndio wale wale niliowataja mwanzoni.

Meza ya udahili iko wazi siku za kazi. Mwombaji aje mwenyewe, na vyeti vyake halisi na simu iliyotumika kwenye maombi ikiwa imechajiwa. Mjomba anakaribishwa kumsindikiza, lakini maswali tutamwuliza mwombaji.