Video za ghasia kwenye simu zinavyomwumiza hata aliyekuwa mbali

Baada ya intaneti kurejea nchini mwanzoni mwa Novemba 2025, kufuatia kuzimwa siku ya uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba, wengi waliokuja kuzungumza nami hapa Dodoma hawakuwa barabarani siku zile za ghasia. Walikuwa majumbani mwao, Nkuhungu, Kisasa au Makulu, wakiwawaza ndugu walioko Dar es Salaam. Mtandao uliporudi, video za siku kadhaa ziliingia kwenye simu zao kwa mkupuo, nyingine zikiwa hazionyeshi zimepigwa wapi wala lini.

Amigdala, sehemu ya ubongo inayotambua hatari, huitikia picha ya kutisha na sauti ya kilio kabla mtu hajapata muda wa kufikiri kwamba tukio liko mbali na limeshapita. Moyo huenda mbio, misuli hukaza, homoni za msongo, adrenalini na kotisoli, hupanda, na mwili hujiandaa kukimbia ilhali mwenyewe amejilaza kitandani. Baada ya mashambulizi ya mabomu kwenye mbio za marathoni za Boston mwaka 2013, watafiti wa Marekani walibaini kwamba waliofuatilia habari zake kwa saa 6 au zaidi kwa siku, katika wiki iliyofuata, walikuwa na dalili za msongo mkali kuliko hata waliokuwapo eneo la tukio. Tafiti za namna hii hazithibitishi kwamba habari ndizo zilizoanzisha hofu, kwa kuwa mwenye hofu naye huzitafuta zaidi. Lakini kwa mgonjwa aliye mbele yangu, nani alianza si swali la muhimu sana, maana hofu na simu huwa zimeshaanza kulishana.

Mwanafunzi mmoja wa chuo alikuwa ameshazungumza na kaka yake na kujua yu salama, lakini kila usiku aliirudia klipu ileile, akiikuza picha ili aone vizuri rangi ya shati la mtu aliyelala chini.

Kumwambia mtu kama huyu aachane na simu ni ushauri wa bure, kwa sababu ni simu hiyohiyo iliyompa sauti ya kaka yake. Ninachomwomba ni kutenganisha habari na picha. Katika mipangilio ya WhatsApp, azime upakuaji wa picha na video unaojiendesha wenyewe, ili klipu ikifika ibaki na ukungu hadi yeye mwenyewe aamue kuigusa. Hapo hupata nafasi ya kujiuliza anataka kujua nini ambacho maandishi au simu ya dakika mbili haviwezi kumweleza. Asome habari mara moja au mbili kwa siku, mchana, wala si kitandani. Magrupu ya familia nayo yakubaliane kutosambaza picha za maiti, kwa kuwa marehemu ana mama, na mama huyo naye yumo kwenye magrupu.

Kukosa usingizi na kushtuka kila pikipiki inapopiga mlio ni jambo la kawaida kwa wiki chache za mwanzo. Dalili zikizidi mwezi, au zikimzuia mtu kufanya kazi na kula, aonane na mtaalamu. Mawazo ya kujiua hayasubiri hata siku moja. Hospitali ya magonjwa ya akili ya Mirembe iko hapahapa mjini tangu mwaka 1927, ingawa jina lake limefanywa tusi kiasi kwamba wengine huficha hata kwamba wamewahi kufika huko, jambo ambalo, kwa maoni yangu, limewachelewesha wagonjwa wengi kuliko umbali au nauli.

Wanaomzunguka wasimlazimishe kusimulia alichokiona. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2011 kuhusu huduma ya kwanza ya kisaikolojia husisitiza kuangalia, kusikiliza na kumuunganisha mtu na msaada. Anayetaka kunyamaza aachwe anyamaze, mradi amekula, ana mtu karibu na anajua pa kwenda hali ikizidi.