Nyota changa: mwanga na eksirei havipandi pamoja kila mara

Dhana: nyota changa ikififia, moto wake umepungua.

Nyota za jamii ya T Tauri, zenye umri wa miaka milioni chache, bado hazijafikia kuunguza hidrojeni kwenye kiini. Mwanga wake hutokana na kujikaza kwa uzito wake zenyewe, na hilo halibadiliki kwa siku mbili tatu. Kinachobadilika kiko usoni au mbele ya uso. Madoa baridi yanayozunguka pamoja na nyota hupunguza mwanga kwa sehemu chache za kumi za mag (kipimo cha mwangaza wa nyota). Vumbi la ukingo wa ndani wa sahani ya gesi inayoizunguka nyota hupunguza zaidi: kwa miaka mingi nyota AA Tauri ilizama kwa zaidi ya mag 1 kila baada ya siku 8.2 hivi.

Ukitaka kujua nyota imefunikwa, pima kwa vichujio B (bluu) na V (kijani-njano) usiku uleule. Vumbi huifanya iwe nyekundu kadiri inavyofifia. Lakini UX Orionis na wenzake wakifika chini kabisa hugeuka kuwa bluu tena, kwa kuwa nyota imezibwa na kilichobaki ni mwanga uliotawanywa na vumbi. Usivitupe vipimo hivyo ukidhani kamera imekosea.

Dhana: kipimo kimoja kila usiku kinatosha.

Hapa ndipo watu wanaponaswa. Nyota yenye mzunguko wa siku 8, ikipimwa kila siku saa ileile, inaweza kusomeka kama ya siku 1.14 au 0.89, na mchoro ukatoka safi kabisa. Pima mapema usiku, kisha karibu na alfajiri, au unganisha vipimo na vya mtu aliye longitudo nyingine. Nyota ya kulinganishia nayo iwe tulivu. Ndani ya mawingu ya gesi majirani wengi nao hubadilika.

Dhana: eksirei hutoka kiinini.

Zinatoka nje. Uso wa nyuzi 4,000 hivi hauwezi kuzitoa. Mistari ya nguvu za sumaku ikisokotwa, ikakatika na kuungana upya, hupasha korona (gesi nyembamba ya moto inayoizingira nyota) hadi nyuzi milioni 10 hadi 30, na mlipuko mkubwa huweza kupita milioni 100. Chanzo cha pili ni gesi inayoporomoka kutoka kwenye sahani kwa kasi ya kilomita mia kadhaa kwa sekunde. Ikigonga uso hufika milioni 2 au 3 tu, kama kwenye nyota TW Hydrae. Ndiyo maana halijoto ndiyo ya kutazamwa kwanza: ndiyo inayotofautisha vyanzo hivyo viwili.

Dhana: mwanga ukipanda, eksirei nazo hupanda.

Nyota V1647 Orionis ilipong'aa ghafla mwaka 2003 na 2004, Chandra, darubini ya eksirei iliyoko angani, iliziona eksirei zikipanda pamoja na mwanga. V1118 Orionis, mwaka 2005, haikufuata hivyo: eksirei zilibadilika kidogo tu huku mwanga ukipaa. Tena, kwa wastani, nyota zinazoendelea kumeza gesi hutoa eksirei chache kuliko zilizokwisha kuacha.

Angalia pia kifaa chenyewe. Kamera ya Chandra husoma picha kila sekunde 3.2 hivi; fotoni (chembe za mionzi) mbili zikiangukia mahali pamoja kabla ya kusomwa, huhesabiwa moja yenye nguvu ya zote mbili. Nyota angavu huonekana hafifu na yenye joto kuliko ilivyo.