Mnara wa Times Square: Dhana Potofu na Ukweli

Wengi wanaotazama tufe la mkesha wa Mwaka Mpya likishushwa jijini New York huamini kwamba jengo lililo chini yake bado ni makao makuu ya gazeti la The New York Times. Ukweli ni kwamba gazeti hilo lilihamia humo mwanzoni mwa 1905 na kuondoka mwaka 1913, kwa sababu mnara huo mwembamba, uliojengwa juu ya kipande cha ardhi chenye umbo la pembetatu, ulishindwa kulitosha. Hata mitambo ya uchapishaji ilibidi ikae chini kabisa ya jengo, kwenye kina kilichopita reli za treni ya chini ya ardhi.

Wapo pia wanaodhani kwamba gazeti lilipata jina lake kutokana na uwanja wa Times Square, ulipo mnara huo. Mambo ni kinyume: mahali hapo paliitwa Longacre Square hadi Aprili 1904, mmiliki wa gazeti, Adolph Ochs, alipofanikiwa kuushawishi uongozi wa jiji upabadilishe jina.

Tufe nalo halikuanza pamoja na jengo. Sherehe ya kwanza, ya mkesha wa 31 Desemba 1904, ilikuwa ya fataki, na ni baada ya jiji kuzipiga marufuku ndipo tufe la chuma na mbao, lenye taa 100, liliposhushwa kwa mara ya kwanza mwishoni mwa 1907. Mtindo wenyewe ulitoka bandarini, ambako matufe ya aina hiyo yaliwasaidia mabaharia kurekebisha saa zao.

Dhana iliyoenea zaidi, na inayonisikitisha zaidi, ni kwamba mnara wa awali ulibomolewa. Gazeti liliuuza mwaka 1961, kisha kampuni ya Allied Chemical ikaubandua mapambo yake ya mawe na terakota (udongo uliochomwa) na kuuvika marumaru. Uzuri mwingi ulipotea hapo bila sababu ya kuridhisha, lakini kiunzi cha chuma cha enzi za Ochs hakikuondolewa. Ndicho kinachobeba mabango ya kielektroniki ya leo. Na ghorofa nyingi zilipokaa tupu kwa miaka mingi, haikuwa kwa kukosa thamani, kwani wenye jengo walipata fedha nyingi zaidi kwa kukodisha kuta za nje kwa watangazaji kuliko ambavyo wangepata kwa kupangisha vyumba vya ndani.