Pua ya Mbwa: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Mwezi wa Agosti, vumbi la Dodoma likiwa laini kama unga wa sembe, chuchumaa kando ya mbwa aliyeinamisha pua, uitazame ardhi badala ya kumtazama yeye. Utaona vivumbi viwili vikiruka, kimoja kushoto na kingine kulia, vyote vikielekea nyuma, upande wa miguu yake. Hiyo ni pumzi anayoitoa. Haitoki mbele kama yetu. Inapitia mipasuko iliyo pembeni mwa matundu ya pua, ile yenye umbo la koma, ambayo wengi wanaofuga mbwa miaka nenda rudi hawajawahi kuiangalia kwa karibu. Kwa kupumulia pembeni hafukuzi harufu iliyo mbele yake, na mkondo huo huo unasaidia kuvuta hewa mpya kuelekea puani. Hufanya hivyo kama mara tano kwa sekunde moja.

Mengi yanayosemwa mitaani kuhusu pua hiyo yametokana na kutoitazama, na mbwa ndiye anayeumia.

"Ananusanusa tu, anapoteza muda. Mvute kamba twende."

Hapotezi muda, anasoma. Hewa ikishaingia hugawanyika. Sehemu kubwa inakwenda mapafuni, na sehemu ndogo, kama asilimia 12 hivi, inapelekwa kwenye chumba kilicho nyuma kabisa ya pua, karibu na ubongo. Humo mna vifupa vyembamba vilivyojikunjakunja, vimefunikwa na utando wenye seli za kunusa. Mbwa anakadiriwa kuwa na seli hizo kati ya milioni 200 na 300. Binadamu ana kama milioni 5 au 6. Anapotoa pumzi, hewa haipiti tena kwenye chumba hicho, hivyo harufu inabaki mle ndani na nyingine inajiongeza juu yake.

Ndiyo maana nguzo moja ya umeme pale Nkuhungu inaweza kumshika dakika mbili nzima. Katika mkojo uliokaukia pale anapata kujua kama aliyepita ni dume au jike, kama jike yuko kwenye joto, kama ni mbwa wa mtaa au mgeni, na kama alipita sasa hivi au jana. Ukimvuta katikati ya kazi hiyo, umemnyang'anya gazeti akiwa bado kwenye kichwa cha habari.

Mwaka 2019 watafiti Duranton na Horowitz waligawa mbwa wa nyumbani makundi mawili. Kundi moja lilifanya mazoezi ya kutafuta vitu kwa kunusa, lingine la kutembea sambamba na mwenye mbwa. Baada ya wiki mbili, wale wa kunusa waliliendea kwa haraka zaidi bakuli ambalo hawakujua kama lina chakula au halina. Kwa mbwa wetu wa ulinzi, anayefungiwa bandani kutwa nzima na kufunguliwa usiku tu, hili si jambo dogo. Mbwa wa namna hiyo anayechimba mashimo au kubweka bila sababu, mara nyingi pua yake imekosa kazi.

Kumpa kazi hakuhitaji fedha. Chukua kamba ya mita 3 hadi 5 na mkanda wa kifuani, maana mkanda wa shingoni unamkaba kila anapoinama. Toka naye kabla ya saa mbili asubuhi au baada ya saa kumi na mbili jioni. Dakika 20 za kumwacha anuse apendavyo zinatosha. Siku usiyoweza kutoka, chukua dagaa wakavu kumi wasio na chumvi, mfungie ndani, uwafiche uani: wawili wa kwanza mahali wazi, wanaofuata chini ya kopo, nyuma ya tofali, kwenye mkunjo wa gunia. Mwachie, usimwonyeshe kwa kidole. Kosa la kawaida ni kuanza na sehemu ngumu. Akitafuta asipate mara tatu mfululizo, anakata tamaa na kwenda kulala. Kosa la pili ni kufanya hivyo saa saba mchana. Mbwa anayetweta anapitisha hewa mdomoni ili apoe, na uwezo wake wa kunusa unashuka. Jua la Oktoba hapa kwetu litamshinda kabla hajampata dagaa wa tatu.

"Amelamba mkojo halafu anagongesha meno. Ana kichaa."

Nyuma ya meno ya mbele ya juu, kwenye kaakaa, kuna vijitundu viwili vinavyoelekea kwenye kiungo kiitwacho kiungo cha Jacobson. Kazi yake ni kupokea kemikali ambazo mbwa hupashana habari kwazo, hasa za uzazi. Mbwa hulamba, hugongesha meno, wakati mwingine povu kidogo hutokea mdomoni, ili kupeleka ile habari juu. Dume likikutana na mkojo wa jike aliye kwenye joto hufanya hivyo sana, kisha linaendelea na safari yake kama kawaida.

Kichaa cha mbwa ni kitu kingine. Tabia inabadilika ghafla: mpole anakuwa mkali au mkali anakuwa mpole kupita kiasi, sauti inakwaruza, anashindwa kumeza, mate yanachuruzika bila kukoma, taya la chini linalegea, miguu ya nyuma inayumba. Ukimwona hivyo usimguse. Mpigie afisa mifugo wa kata. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, aende hospitali siku hiyo hiyo kupata chanjo. Mbwa naye achanjwe akifika miezi mitatu, na kila mwaka baada ya hapo.

"Mwizi akivuka mto au akimwaga pilipili, mbwa wa polisi hamuwezi."

Hapa ndipo watu wanapoteza mali zao, ila kwa sababu nyingine kabisa. Mtu anapotembea humwaga maelfu ya chembe za ngozi kila dakika. Zinaelea, zinatua kwenye nyasi, kwenye vichaka, kwenye kingo za korongo. Pamoja nazo kuna harufu ya udongo uliovurugwa na majani yaliyopondwa na kiatu. Maji yanabeba sehemu ya chembe hizo, lakini mbwa hupelekwa ng'ambo na kutafutishwa pale mtu alipotokea. Pilipili humwasha na kumchelewesha, na mwongozaji wake humzungusha mbali na hapo.

Kinachoshinda pua ni jua, muda na umati. Mbuzi wameibiwa usiku Chamwino au Bahi, asubuhi yowe linapigwa, na ifikapo saa moja watu hamsini wamekwishazunguka zizi, wameshika kamba iliyokatwa na kufuata kwato hadi barabarani. Mbwa wa Kikosi cha Mbwa na Farasi akifika saa sita, anakuta harufu za watu hamsini juu ya ile moja inayotakiwa, na ardhi iliyokwishakaangwa na jua.

Inavyotakiwa ni hivi. Watu wakae upande mmoja tu wa zizi. Kitu kilichoachwa na mwizi, kofia, ndala au kipande cha kamba, kisiguswe. Kifunikwe kwa beseni safi. Nyayo zilizo wazi ziwekewe matawi pembeni, si juu yake. Polisi waitwe mapema, wakati umande haujakauka, kwa sababu unyevunyevu unahifadhi harufu na joto kavu linaipeperusha.

Mbwa hujuaje mwizi alikwenda upande gani? Majaribio yameonyesha kwamba mbwa aliyefundishwa huhitaji nyayo tano tu za mfuatano. Unyayo wa tano una harufu mbichi kidogo kuliko wa kwanza, kwa tofauti ya sekunde moja au mbili, na tofauti hiyo anaipata. Mtu mmoja akikanyaga juu ya nyayo hizo, somo limefutika.

"Pua kavu ni mgonjwa, pua yenye maji ni mzima."

Unyevunyevu ule unatokana na ute wa tezi za ndani na kujilamba kwenyewe, nao unanasa chembe za harufu. Mbwa akilala hajilambi, pua inakauka. Upepo mkavu wa Juni hadi Oktoba unaikausha. Kukaa karibu na jiko kunaikausha. Na mbwa mwenye homa kali anaweza kuwa na pua iliyolowa.

Anayetaka kujua homa apime. Kipimajoto cha kidijitali cha duka la dawa kinatosha, kiwe cha mbwa peke yake: kipake mafuta ya kupakaa, kiingize sentimita 2 kwenye njia ya haja kubwa, mtu mwingine akimshika kichwa, usubiri kilie. Kati ya 38.3 na 39.2 ni kawaida. Akiwa ametoka kukimbia, mpumzishe kivulini nusu saa kabla ya kupima. Akivuka 40, tafuta daktari wa mifugo. Usimpe diklofenaki, ibuprofeni wala paracetamol ya nyumbani. Dawa hizi zinaua mbwa kwa kuharibu tumbo, figo au ini.

Pua yenyewe ina dalili zake za kutazamwa. Kamasi za njano au kijani pande zote mbili, pua na nyayo zikiwa ngumu na zenye magamba, ni dalili za distempa, ugonjwa wa virusi wa mbwa, hasa kwa mbwa asiyechanjwa. Damu inayotoka bila kuumia inaweza kuwa homa ya kupe au sumu ya panya; zote mbili hazingoji kesho. Chafya za mfululizo zilizoanza ghafla, mbwa akifikicha pua kwa mguu na damu ikitoka tundu moja, mara nyingi ni mbegu ya nyasi. Nyasi zetu zikikauka kuanzia Mei huacha mbegu zenye ncha kama sindano na vinyweleo vinavyoelekea nyuma, hivyo inaingia tu, hairudi. Ikiwa nusu yake inaonekana nje, ivute taratibu kwa kibano. Ikiwa imezama, usichokoe, usimimine maji. Daktari huitoa mbwa akiwa amelazwa kwa dawa, na kadiri unavyochelewa ndivyo inavyosogea ndani.

Pua inayotangulia kila mahali hukutana pia na nyoka. Kifutu hulala kwenye majani makavu na humuuma mbwa usoni. Uso huvimba haraka, na kazi yako ni kumbeba bila kumtembeza hadi kwa daktari. Swila akimtemea machoni, mwoshe kwa maji mengi safi dakika 15 bila kuacha, kisha mpeleke.

"Mtie pilipili au ugoro puani awe mkali."

Hili tunaliomba liachwe. Pilipili haiingizi ukali. Inachoma utando wa pua, unavimba, kamasi zinajaa, na mlinzi wako anakosa pua kwa muda wote huo. Anachojifunza ni kwamba mkono wa mwenye nyumba unaumiza, na siku moja atauuma. Kundi hilo hilo lina oil chafu inayopakwa mbwa mwenye ukurutu: anailamba, inamdhuru ndani, na harufu yake inamkaa puani usiku na mchana. Ukurutu una dawa yake, daktari anayo.

"Mbwa wa kienyeji hana pua, pua ni ya mbwa wa kizungu."

Mbwa waliozalishwa kwa vizazi vingi kwa kazi ya kunusa hufanya vizuri zaidi kwenye majaribio, hilo ni kweli. Lakini wanaofanya vibaya zaidi ni wale wa kizungu wenye pua fupi, maana nafasi ya vile vifupa imebanwa. Mbwa anayefuata mbuzi kule Mpwapwa au Kongwa ana pua ndefu, nyembamba, kamili. Anachokosa ni mafunzo na chakula. Na tukisema ukweli wote, mbwa si bingwa wa wanyama: tembo wa Ruaha ana jeni za vipokezi vya harufu zipatazo 2,000, zaidi ya mara mbili ya mbwa.

Wanaosema mbwa hunusa uoga hawajakosea sana, kwani jasho la mtu mwenye hofu lina harufu anayoitambua na humtia wasiwasi. Haina maana kwamba lazima aume. Kinachomchochea zaidi ni mtu kumkodolea macho, kupiga kelele na kukimbia. Simama kiubavu, mikono chini, mwache anuse aende zake. Akikunusa kwapani au mapajani si utovu wa adabu, ndiko tezi za jasho lenye harufu nzito ziliko. Ila mwenye mbwa ana wajibu wa kufupisha kamba anaposalimiana na watu. Kwa Waislamu wa madhehebu ya Shafii, ambao ni wengi Kondoa na hapa mjini, unyevunyevu wa pua na mate ya mbwa ni najisi inayotaka kuoshwa mara saba, moja ikiwa kwa udongo, na si haki jirani arudishwe nyumbani na salamu ya mbwa wako.

"Watoto wa mbwa hawajui kitu mpaka wafumbue macho."

Macho hufunguka kati ya siku ya 10 na ya 14, na masikio baadaye kidogo. Kabla ya hapo pua na joto ndivyo vinavyowafikisha kwenye chuchu. Kwa hiyo usimwoshe mama kwa sabuni yenye manukato wiki hizo mbili, wala usinyunyize dawa ya harufu kali bandani. Unapobadilisha matandiko, ondoa yaliyolowa, weka gunia jipya, na juu yake rudisha kipande cha lile la zamani, kikubwa kama kitambaa cha mkono, upande anaolalia mama.