Copenhagen si Strøget peke yake

Ujumbe umeingia tena, na safari hii naujibu hapa hadharani ili kila atakayeuliza nimtumie huu. Dada mmoja anayeishi Hamburg anakuja Copenhagen mwisho wa juma. Ameandika: "Nataka vitu vya Kidenishi vya nyumbani. Nimeambiwa maduka ya maana yote yako Strøget na bei zake hazishikiki. Au niende tu mitumbani?" Makosa ni mawili hapo, na la pili linaniudhi zaidi kwa sababu ndiyo kazi yangu. Nachambua na kupanga bei ya vitu vilivyotumika: vyombo, viti, taa, na nguo kidogo. Shughuli yangu kutwa ni kugeuza sahani juu chini.

Strøget tuimalize haraka. Ni mtaa wa waenda kwa miguu tangu 1962, una urefu wa kilomita moja na ushee, kutoka Rådhuspladsen hadi Kongens Nytorv. Upande wa Rådhuspladsen umejaa raba, fulana na zawadi za watalii ambazo hata Hamburg zipo. Mgeni anaanzia hapo, anachoka kabla ya kufika katikati, kisha anarudi kwao akisema mji hauna kitu. Vuka kipande hicho bila kusimama mpaka Amagertorv. Pale uwanjani kuna Royal Copenhagen (vyombo vya kauri), Georg Jensen (vitu vya fedha) na Illums Bolighus (duka kubwa la vitu vya nyumbani), na mbele kidogo, Østergade, kuna HAY (samani za kisasa). Illums Bolighus nenda ukajifunze: kalia viti, shika vitambaa, soma bei, toka. Bei unayoiona tayari ina VAT ya 25%, hutaongezewa kitu kaunta. Kama makazi yako ni nje ya Umoja wa Ulaya, ununuzi wa kuanzia krone 300 katika duka lililo kwenye mpango unakupa haki ya kurudishiwa kodi, mradi forodha wapige muhuri unapoondoka. Dada wa Hamburg, wewe hilo halikuhusu.

Sasa hilo la "mitumbani". Watu wanaviweka vitu vyote vilivyotumika katika kapu moja, halafu wanashangaa kwa nini kikombe kimoja kinauzwa krone 20 duka hili na krone 200 mtaa wa pili. Hawajaibiwa. Wameingia maduka ya aina tofauti.

Kuna genbrug, maduka ya hisani: Røde Kors, Kirkens Korshær, Frelsens Hær. Vitu vimetolewa bure na wenye nyumba, na wanaopanga bei wengi ni wa kujitolea. Mama mmoja anajua makoti vizuri lakini hajui taa. Mwenzake anajua vitabu tu. Kuna loppemarked au loppetorv, soko la wazi, ambako mtu anauza vyake mwenyewe mezani, na bei inafuata anavyovipenda na anavyotaka kuondoka mapema. Kuna maduka ya vintage, ambako mtu mwenye jicho ameshapita huko kwingine akachagua, akafua, akashona vifungo. Na kuna antik, ambako muuzaji anajua mwaka, kiwanda na fundi, na atakuandikia kwenye risiti.

Yeyote aliyewahi kuona belo likifunguliwa Karume au Gikomba analielewa hili bila kuelezwa. Anayechagua kamera, kabla ya mikono mingine kuingia, analipa zaidi, na anayesubiri mwisho analipa kidogo kwa kilichobaki. Copenhagen ni hivyohivyo, ila hatua za belo zimetawanyika mitaa tofauti. Kwa hiyo jiulize kwanza: jicho unalo, au unataka kununua jicho la mwenzako? Kama unalo, nenda genbrug na sokoni. Kama huna, na una siku mbili tu, lipa duka la vintage au antik wala usinung'unike.

Jicho lenyewe linajifunzwa. Chukua sahani ya Royal Copenhagen, ile nyeupe yenye maua ya buluu. Kiwanda kilianzishwa 1775 na mchoro huo ndio namba moja wao. Igeuze. Utaona mistari mitatu ya mawimbi, ambayo ni mikondo mitatu ya maji ya Denmark: Øresund, Storebælt na Lillebælt. Kama kuna mkwaruzo uliokatiza mawimbi hayo, sahani ni daraja la pili. Kiwanda chenyewe kiliikwaruza kabla ya kuiuza. Hakuna ubaya, kula utakula vizuri, lakini usilipe bei ya daraja la kwanza. Kisha angalia maandishi: tangu 1935 kijistari kidogo juu au chini ya herufi mojawapo ya jina la kiwanda kinaonyesha mwaka. Pembeni kuna alama ya mpakaji, kwa sababu kila sahani inapakwa kwa mkono. Kiwanda kinahesabu miguso 1,197 ya brashi kwa sahani moja ya chakula. Baada ya hapo fumba macho, pitisha kidole ukingoni taratibu mzunguko mzima. Jicho linadanganyika na mwanga wa duka, kidole hakidanganyiki: pa kumeguka utapahisi. Mwisho iinamishe dirishani uone mikwaruzo ya visu.

Hapa nina shaka ambayo wenzangu hawapendi niiseme. Siku hizi sehemu kubwa ya upakaji inafanyika Thailand, na katika biashara yetu inasemwa kama dini kwamba ya zamani, iliyopakwa hapa Denmark, ndiyo yenye roho. Mimi nikiziweka mbili mezani bila kuzigeuza, mara nyingi sioni udhaifu wowote katika mkono wa Thailand. Mstari umetulia, jani limekaa. Bei ya ile ya zamani tunaipandisha kwa sababu wanunuzi wanataka hadithi, na sina hakika hadithi hiyo ina haki kwa yule mpakaji wa leo.

Viti navyo vina maneno. Kila mgeni anakitaka kile kiti cha mbunifu Hans J. Wegner chenye mgongo wa herufi Y. Carl Hansen & Søn wamekitengeneza tangu 1950 na kikalio chake kinasukwa kwa kamba ya karatasi ya mita 120 hivi. Kikalio kilichochakaa kisikutishe, kinasukwa upya. Kinachotakiwa kukutisha ni viungo. Shika mgongo, sukuma pole upande mmoja kisha mwingine. Kikicheza, huenda kuna aliyeshatia gundi mbaya, na gundi mbaya ni kazi ndefu kuitoa. Ukitaka ushauri wangu wa dhati, kiache hicho cha Y, tafuta J39, kiti cha mbunifu Børge Mogensen cha 1947. Iliundwa kwa ajili ya FDB, ushirika wa walaji, ili familia ya kawaida iweze kuinunua. Kwenye maduka ya vitu vilivyotumika bado unaipata kwa bei isiyotia kizunguzungu, na itawazika wajukuu.

Tahadhari moja kwa mnaosafirisha samani nyumbani: ile mbao nyeusi-nyekundu yenye mishipa, ya miaka ya 1950 na 1960, mara nyingi ni Dalbergia nigra ya Brazil, ukoo mmoja na mpingo wetu. Tangu 1992 iko chini ya ulinzi mkali wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Haitoki Umoja wa Ulaya bila cheti, hata kama ni meza ya bibi yako. Muulize muuzaji karatasi kabla ya kufungua pochi.

Mitaa, basi. Jægersborggade, Nørrebro, ndio ninaoupenda kuliko yote. Ni mfupi, uko ubavuni mwa makaburi ya Assistens walikozikwa H. C. Andersen, mwandishi wa hadithi, na Kierkegaard, mwanafalsafa, na maduka mengi yako nusu chini ya ardhi, unashuka ngazi chache. Zamani ulijulikana kwa biashara ya bangi. Leo kuna wafinyanzi, wasonara na nguo zilizochaguliwa kwa jicho kweli. Ravnsborggade ni wa antik, ingawa maduka yamepungua. Istedgade, Vesterbro, una nguo za vintage. Værnedamsvej nenda kwa maua na jibini. Chai nunua A.C. Perch's, Kronprinsensgade, wako hapo tangu 1835. Jumamosi za miezi ya joto, nyuma ya ukumbi wa mji wa Frederiksberg kuna loppetorv, na kwa kuwa Frederiksberg ni mtaa wa wenye nazo, meza zao zina vyombo vya maana. Fika asubuhi. Chukua noti, maana wauzaji wanapokea kwa MobilePay, malipo ya simu, na mgeni asiye na benki ya nchi za Nordic kwa kawaida hawezi kuitumia. Kupunguziwa omba mara moja, kwa upole. Genbrug usiombe kabisa, fedha ile ni ya wahitaji.

Na kuhusu genbrug kuna jambo linaninyima raha ninapotoa anwani. Makoti ya baridi ya watoto yanayouzwa pale kwa bei ndogo ndiyo yanayowavisha watoto wa mama mwenye kipato kidogo, wakiwemo wengi waliotoka kwetu. Akija mtu mwenye jicho na begi kubwa, akayakomba ili akayauze mtandaoni, huyo mama mwezi wa kumi na mbili anakuta hanga tupu. Baadhi ya wenzangu wanasema duka linahitaji fedha, mnunuzi awe nani si hoja. Sijakubaliana nao. Vyombo na taa kombeni mnavyotaka, lakini makoti hayo yaacheni pale.

Mwisho, dada wa Hamburg: usipange kununua Jumamosi jioni, maduka madogo hufunga mapema, mengine saa tisa alasiri. Sahani zifunge kwa sweta, zisimamishe wima kwenye begi la mkononi, kamwe usizilaze moja juu ya nyingine.