RAM ni nini, na monita ya pili inaidai kiasi gani?

RAM ni kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Programu uliyofungua, pamoja na kazi unayoifanya wakati huo, hukaa humo prosesa ikizishughulikia. Stima ikipotea ghafla, barua uliyokuwa ukiandika bila kuihifadhi hupotea kwa sababu ilikuwa kwenye RAM. Uliyoihifadhi iko salama kwenye diski. Kwa hiyo anayesema kompyuta yake ina "memori ya GB 500" anazungumzia diski. RAM ya mashine za mezani za ex-UK (zilizotumika Uingereza) zinazouzwa pale Luthuli Avenue, Nairobi, mara nyingi ni GB 4, 8 au 16.

Wengi huambiwa dukani kwamba ukiongeza monita ya pili lazima uongeze RAM. Si kweli, na inaudhi kuona mtu akitoa pesa zake kwa hofu hiyo. Piga hesabu: monita ya Full HD ina nukta 1920 kwa 1080, yaani zaidi kidogo ya milioni 2, na kila nukta kwa kawaida huchukua baiti 4. Picha nzima ni kama MB 8. Hata mashine isiyo na kadi ya grafiki, ambayo hukopa RAM ili ichore picha, haitatetereka kwa picha chache za ukubwa huo.

Kinachokula RAM ni vile utakavyofungua ukishapata nafasi. Mhasibu aliyezoea kufunga Excel ndipo aingie iTax, tovuti ya kodi, sasa ataviacha vyote wazi, aongeze WhatsApp na kurasa ishirini za kivinjari. Basi pima kwanza. Siku ya kazi nyingi, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, uangalie sehemu ya utendaji (Performance). Kama RAM iliyotumika iko karibu nusu, nunua monita na waya wake tu. Ikigusa asilimia 90 kila mara, ongeza.

Ukiongeza, jua kwamba aina za RAM, yaani DDR3, DDR4 na DDR5, haziingiliani. Mkato wa kila moja uko mahali pake, kwa hiyo usilazimishe. Zile kompyuta ndogo sana za kisanduku za ofisini mara nyingi hutumia RAM fupi za laptopu. Njia ya uhakika ni kuzima, kuchomoa waya wa umeme, kutoa RAM ya zamani na kwenda nayo dukani. Mimi ningechukua mbili za GB 8 kuliko moja ya GB 16: prosesa huzisoma zote kwa pamoja, na mashine isiyo na kadi ya grafiki hufaidika zaidi.

Monita yenyewe haina mambo mengi. Kama kuna kadi ya grafiki, chomeka waya kwenye kadi hiyo, kisha bonyeza kitufe cha Windows na P, uchague kupanua skrini. Mashine ikigoma kuonyesha picha baada ya kuwekewa RAM mpya, zima, chomoa umeme, kisha uikandamize RAM upya mpaka vishikio vyake vilie "tak".